Nilikwenda kwa mnasihi, nikamficha lililonipeleka

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, na kwa miaka kumi na sita sasa ni dereva wa malori ya masafa marefu kati ya Dar es Salaam na Tunduma, mara nyingine nikivuka mpaka kuingia Zambia. Ninakuandikia kwa sababu zimebaki siku kumi niamue jambo, na kila nikilifikiria naliona gumu kuliko jana.

Miezi kumi na minne iliyopita nilipata ajali usiku, nikirudi Dar es Salaam na mzigo kamili. Tulikuwa tumekaa kwenye foleni ya mpakani siku mbili bila usingizi wa maana, na tajiri alikuwa anapiga simu kila baada ya saa chache akitaka kujua mzigo utafika bandarini lini. Utingo wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa amelala kwenye kiti cha kushoto, amejifunika koti langu. Gari liliacha barabara, likagonga ukingo wa mawe kwa upande wake. Mimi nilitoka na mbavu mbili zilizovunjika. Yeye alifariki kabla hatujafikishwa hospitali.

Askari wa usalama barabarani waliponihoji, nilisema kuwa gari lililokuwa linakuja mbele lilinimulika kwa taa kali nikashindwa kuiona kona. Maelezo hayo yaliandikwa, yakakubaliwa, na tajiri akayarudia kwa watu wa bima. Lakini hapakuwa na gari mbele yangu. Nilisinzia. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayekuambia neno hilo, na nimelifuta mara tatu kabla ya kuliacha.

Kijana yule tunatoka kijiji kimoja, na mama yake ndiye aliyemleta kwangu. Siku hiyo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Baba, huyu ndiye mkubwa wangu, nimekukabidhi.” Tangu msiba, kila mwisho wa mwezi namtumia shilingi elfu hamsini kwa simu, na kila zikifika hunipigia kunishukuru: “Mungu akuzidishie, baba, mwingine angekwisha kutusahau.” Siku hiyo chakula hakipiti kooni. Nilimuua mwanawe nikiwa nimefumba macho, naye ananiombea dua.

Gari jipya nililopewa nimelizoea, ila njia ndiyo imenikataa. Nikitoka Iringa na mzigo, moyo unaanza kwenda mbio tangu Ilula, na nikianza kuuteremka mlima Kitonga mikono inalowa jasho mpaka naufuta usukani kwa kitambaa. Nyumbani nashtuka saa tisa za usiku, saa ileile, nikiwa nakanyaga breki kitandani. Mke wangu ana alama mguuni kwa ajili hiyo. Sufuria ikianguka jikoni naruka. Kwenye sanduku la spana nimeweka kandambili ya kijana, ya bluu, iliyookotwa kwenye nyasi. Ya pili haikuonekana. Nimejaribu kuitupa nikashindwa, na kuirudisha kwa mama yake nimeshindwa zaidi. Mara mbili tatu, hasa nikiwa peke yangu njiani, nimewaza kwamba ingekuwa haki kama ningeondoka mimi akabaki yeye.

Mama yangu anasema ni jini la barabarani na ameshaongea na mganga. Mke wangu anataka nisomewe dua. Mimi nilidhani ni moyo, nikaenda kupima. Presha ilikuwa nzuri, kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kasoro, na daktari akaniandikia barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali hiyohiyo.

Nilikwenda wiki hii. Nilivaa kofia, nikakaa kwenye benchi la kliniki ya macho ili anayenifahamu adhani nasubiri miwani. Muuguzi alipotoka na kuita jina langu kwa sauti, wagonjwa wa macho wote waligeuka. Ndani nilimkuta mnasihi, binti ambaye kwa umri angekuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliniuliza habari za familia, kazi, usingizi, hamu ya chakula, pombe na magonjwa ya ukoo, akanipa karatasi yenye maswali tisa ya kuweka alama. Yote tisa nilijibu “hapana kabisa”. Nilimwambia nasumbuliwa na usingizi kwa sababu ya kazi, basi. Mwishoni akauliza kama kuna jambo lolote lililotokea kabla usingizi haujaanza kupotea. Nikasema hakuna. Alinitazama kidogo, akaiweka kalamu chini, akasema, “Sawa kaka, tutaonana baada ya wiki mbili.” Usiku ule niliota vibaya kuliko usiku wowote tangu ajali.

Je, nirudi? Nikirudi nikasema kweli, atanipeleka polisi? Atanilazimisha nikamwambie mama wa marehemu? Tajiri atajua? Nitapewa dawa za kunifanya zezeta, na mimi naishi kwa usukani? Na hata nikisema, maneno yatamrudisha nani? Tena nitasemaje hayo, pengine hata kulia, mbele ya binti mdogo? Sisi tumelelewa tukiambiwa mwanamume hulia kwa ndani.

Dereva, Morogoro


JIBU LA MSHAURI

Ndugu yangu,

Nakushukuru kwa barua yako, na nakushukuru zaidi kwa lile neno ulilolifuta mara tatu kisha ukaliacha. Kabla ya kuichapisha tumebadilisha mambo machache ambayo yangeweza kukutambulisha, nawe utayaona. Kiini chake hatukukigusa.

Naomba nianze na sentensi uliyoipitisha haraka katikati ya mambo mengine: kwamba ingekuwa haki kama ungeondoka wewe akabaki yeye. Nakuuliza waziwazi, kama ambavyo ningekuuliza tukiwa tumeketi pamoja: wazo hilo linaishia kwenye huzuni na kutamani mambo yangekuwa mengine, au kuna nyakati limekujia pamoja na namna ya kulitekeleza? Kumuuliza mtu swali hili hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi humpunguzia upweke wa kulibeba. Likikujia kwa namna hiyo ya pili, usingoje siku kumi. Egesha gari, mpigie mkeo au dereva mwenzako unayemwamini, mwambie asikuache peke yako, na mwende hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane, mkaliseme hilo bila kulizungusha.

Sasa nirudi kwenye ulichoniuliza. Kwa jinsi ninavyokuelewa, una maswali mawili, nawe umeyafunga chini ya turubai moja. La kwanza ni kama urudi kwenye chumba kile. La pili ni nini ufanye na ukweli wa usiku ule: mbele ya sheria, mbele ya tajiri, mbele ya mama wa marehemu. Kwa kuwa umeyafunga pamoja, mlango wa kliniki umeanza kuonekana kama mlango wa kituo cha polisi, na si ajabu miguu inakuwa mizito. Mimi ninayaona kuwa mambo mawili. Yanagusana, lakini moja linaweza kuanza bila jingine kuwa limekwisha kuamuliwa.

Unaandika kana kwamba siku ya kwanza uliiharibu. Sina hakika na hilo. Kikao cha kwanza, karibu popote utakapokwenda, ni cha kufahamiana na kufanya tathmini. Ndiyo maana uliulizwa mambo mengi ambayo kwako yalionekana ya pembeni, kama pombe na magonjwa ya ukoo. Mnasihi mwenye uzoefu hategemei kwamba mtu atafungua sanduku lake lote mbele ya mgeni kwa dakika hamsini. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na waliokuja na “tatizo la usingizi” wakanieleza kilichowanyima usingizi katika kikao cha tatu au cha nne ni wengi mno kuhesabu. Hukumdanganya kuhusu usingizi. Ulimpa mlango mdogo kwanza, ukabaki na ufunguo wa mlango mkubwa, na nadhani hata kalamu ile aliyoiweka chini ilikuwa njia yake ya kukuambia kwamba ameona upo mlango mwingine wala hatausukuma.

Karatasi yenye maswali tisa ni kitu ambacho huenda hukuelezwa vya kutosha. Kwa maelezo yako, naamini ni dodoso linaloitwa PHQ-9, ambalo hutumika sehemu nyingi za dunia na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita tu: huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujiona umeshindwa, na mengineyo, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla yake ikifika 27. Swali la tisa ndilo linalouliza kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa. Kwa majibu yako jumla yako ilikuwa 0, na mtu mwenye 0 kwa kawaida hawi na barua ya daktari mkononi. Dodoso hilo si mtihani wala hati ya kiapo. Hujazwa tena na tena katika kipindi cha tiba ili kuona kama mtu anapata nafuu, kwa hiyo ukirudi hakuna aibu yoyote kusema, “Majibu yangu ya siku ile hayakuwa sahihi, naomba nijaze upya.” Sentensi hiyo peke yake ni kazi ya kikao kizima.

Kuhusu ile ndoto mbaya ya usiku wa siku hiyo: uliichukua kama dalili kwamba tiba inakudhuru. Huenda ina maana nyingine. Kwa miezi kumi na minne umetumia nguvu nyingi kulizuia jambo hili lisije, na kwa saa moja ulikaa mbele ya mtu aliyelikaribia. Hata bila kulitaja, mwili ulijua mnazungumzia nini. Kuhisi vibaya zaidi baada ya vikao vya mwanzo ni jambo la kawaida, nawe ulistahili kuambiwa hivyo kabla hujatoka mlangoni. Ila ikiwa wiki zinapita na hali inazidi kudidimia, hilo nalo ni la kumweleza mnasihi, kwa sababu tiba nzuri hurekebishwa kumfuata mtu.

Mimi sikukupima, kwa hiyo siwezi kuupa ugonjwa wako jina. Ninachoweza kusema ni kwamba kushtuka saa ileile, kukanyaga breki usingizini, kuruka kwa mlio wa sufuria, na moyo kuanza mbio Ilula wakati mteremko bado uko mbele, ni mambo ambayo wataalamu huyakuta kwa watu waliopata kiwewe, na kiwewe kinatibika. Moyo wako haukukudanganya ulipokwenda kupima. Unapiga hivyo kweli. Ila anayeuamuru ni ubongo unaoamini kwamba ajali bado inatokea. Kama kujua tu kwamba imekwisha kungetosha kumponya mtu, wewe ungekuwa umepona siku nyingi, maana hakuna anayejua kuliko wewe kwamba imekwisha.

Uliuliza maneno yatamrudisha nani. Hayatamrudisha, na sitajaribu kukupunguzia hilo. Kazi yake ni nyingine. Vikao vya kwanza baada ya tathmini kwa kawaida havigusi usiku ule hata kidogo: mtashughulikia usingizi, namna ya kupumua na kuutuliza mwili, namna ya kutambua mshtuko unapoanza kupanda. Ikifika zamu ya simulizi yenyewe, inakwenda kwa hatua, nawe ndiye unayeshika breki. Ukisema “tuishie hapa leo,” mnaishia hapo. Ziko njia mbalimbali. Moja ninayoipenda mimi hutumia kamba: mtu huitandaza sakafuni iwe maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka ua mahali palipokuwa na jema na jiwe mahali palipokuwa na msiba, kisha kwa vikao kadhaa akaisimulia kamba yote, jiwe kwa jiwe na ua kwa ua, mnasihi akiandika. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda tiba hii ya simulizi ilitolewa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na waliowahudumia walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliopata tiba walipungukiwa na dalili za kiwewe kuliko waliofuatiliwa tu bila tiba. Ninaitaja kwa sababu katika barua yako kijana yule yupo kama marehemu tu, isipokuwa pale ulipoandika kwamba alijifunika koti lako. Kwenye kamba angekuwepo pia akiwa hai: safari mlizokwenda, vituo mlivyokula, alivyojifunza kazi kwako. Kwa tiba ya kiwewe cha namna hii, vikao kati ya vinane na kumi na viwili ni kiasi cha kawaida, ingawa wengine huhitaji zaidi. Kwa mtu anayeishi njiani, ratiba hiyo ni ya kujadiliwa mapema, na wanasihi wengi hukubali kupanga kufuata safari.

Sasa niseme juu ya siri, kwa sababu naona ndipo lilipo jiwe lako kubwa. Mnasihi anabanwa na maadili ya kazi yake kutunza siri ya mteja. Hawezi kumpigia tajiri, na mkeo hapaswi kupewa neno lolote bila ridhaa yako. Hana kazi ya kukupeleleza, wala hana mamlaka ya kukulazimisha uende kwa mama wa marehemu au kwa mtu yeyote. Lakini siri hiyo ina mipaka, na asiyekueleza mipaka hiyo hakukutendea haki. Kwa kawaida huvunjwa pale ambapo maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, pale mtoto anapodhuriwa, na pale mahakama inapoamuru. Kusababisha kifo kwa uendeshaji mbaya ni kosa la jinai, na maelezo yasiyo ya kweli kwa polisi nayo yana uzito wake kisheria, kwa hiyo sitakuambia kwamba hofu yako haina msingi.

Hapa ndipo ninapokuomba ufikirie kitu kimoja kabla ya siku hiyo. Unaweza kuuliza kabla ya kusema. Unaweza kuingia na kuanza hivi: “Kuna jambo lililotokea kazini ambalo sikukutajia. Kabla sijalieleza, nataka kujua utaandika nini kwenye faili, nani analisoma, na katika hali gani unaweza kutakiwa kumwambia mtu mwingine.” Mnasihi anayejua kazi yake hataona umemkosea, atakujibu, na majibu yake yatakusaidia kupima useme kiasi gani na lini. Inawezekana pia kuutibu mshtuko wa ajali, kifo ulichokishuhudia na huzuni ya kumpoteza kijana uliyekabidhiwa, huku chanzo cha ajali ukikiacha kwanza. Nakiri kwamba njia hiyo ina gharama, maana katika barua yako neno linalokuuma zaidi ni lilelile ambalo ungekuwa unaliruka. Lakini kuanza nusu si sawa na kutoanza.

Upande wa sheria wenyewe, anayefaa kuulizwa ni wakili. Mazungumzo ya wakili na mteja wake yana ulinzi katika Sheria ya Ushahidi ambao mimi na yule binti hatuna. Kama gharama ni kikwazo, Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo chini yake wasio na uwezo huweza kusaidiwa. Ukienda huko, omba kuzungumza na wakili hasa. Wapo wanaokwenda kwa wakili kwanza ndipo warudi kwa mnasihi wakiwa wametulia. Wapo wasioweza kufikiri sawasawa juu ya sheria mpaka usingizi urudi kidogo. Wewe ndiye unayejua ni lipi kati ya hayo mawili linalokuzuia kupumua.

Umeandika kwamba ulimuua. Ninalitazama neno hilo kwa uangalifu, kwa sababu nikikwambia huna kosa hutaniamini, tena utakuwa na haki, maana mimi sikuwepo. Lakini katika barua yako hiyohiyo umenieleza habari ya siku mbili za foleni bila usingizi na simu zisizokwisha, kisha ukazivuka upesi kana kwamba hazimo katika hesabu. Mimi sizioni kama kisingizio. Ninauliza tu kama usiku ule ulikuwa na mkono mmoja au mikono mingi, na kama umewahi kukaa mahali ambapo sehemu yako ingeweza kupimwa kwa ukubwa wake halisi, bila kupunguzwa na bila kuongezwa. Mtu anayejihukumu peke yake saa tisa za usiku hana mizani nzuri.

Na kwa kuwa bado unaendesha, siwezi kuliacha hili. Dereva anayelala vipande vipande, anayeogopa mteremko na kuficha uchovu wake yumo hatarini kurudia usiku ule, safari hii labda na utingo mwingine kwenye kiti cha kushoto. Najua kumwomba tajiri mapumziko kunaweza kukugharimu kazi, na najua watoto watatu wanakula kila siku. Daktari aliyekuandikia barua anaweza kukuandikia mapumziko ya ugonjwa bila kutaja chochote cha ajali. Kama hilo haliwezekani, basi tafuta hata kuacha safari za usiku kwa muda. Ni gumu, lakini naomba lisikosekane katika mambo unayoyapima.

Dawa ulizoziogopa hazitolewi na mnasihi. Anayeziandika ni daktari, baada ya kuzungumza nawe, na watu wengi wenye kiwewe hutibiwa kwa mazungumzo peke yake. Zikihitajika, dawa za sonona na kiwewe kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake na hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake, ingawa hazipaswi kukatishwa ghafla. Lakini zipo zinazoleta usingizi mzito, kwa mfano amitriptaini, na zipo za kutuliza, kama diazepamu, ambazo zikitumika muda mrefu mwili huzizoea. Kwa hiyo neno la kwanza kwa daktari yeyote liwe “mimi ni dereva.” Usichukue vidonge vya usingizi kwa wenzako njiani.

Juu ya dua ya mkeo, sioni ugomvi wowote. Wengi hufarijika sana kwa ibada huku wakihudhuria kliniki, na mnasihi mwenye heshima hatakuambia uchague. Kuhusu mganga, swali langu ni moja tu: akikuambia ni jini, je, usiku ule utakuwa umepata mahali pa kusemwa, au utakuwa umefunikwa na jina jingine?

Aibu ya benchi la macho naielewa. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma, ya wagonjwa wa akili, imekuwepo tangu mwaka 1927, na kwa vizazi kadhaa jina lake limetumiwa kama tusi, hata watoto wadogo wanatupiana; ndiyo maana mtu mzima mwenye mbavu zilizovunjika hatafuti kofia akienda kwa daktari wa mifupa, lakini huku anaitafuta. Kuitwa kwa sauti mbele ya watu ni kasoro ya kliniki, na una haki ya kuomba siku ijayo uitwe kwa namba au ufuatwe ulipokaa. Ama kuhusu umri wa mnasihi, unaweza kuomba mwingine, mwanamume au mtu mzima zaidi. Hilo si matusi kwake. Huko Harare, tangu mwaka 2006, akina bibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia wale ambao kwa Kishona husemwa wana “kufungisisa”, yaani kuwaza kupita kiasi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Huenda nawe ungeongea kwa urahisi na mtu wa rika la mama yako. Au huenda, na hili nakuachia ulifikirie, ugumu haumo katika umri wa binti yule, bali katika kuonekana na mtu yeyote. Ukimbadilisha, utaanza maelezo upya, na inawezekana ukapata sababu ya kumkwepa na huyo wa pili. Kwa upande mwingine, kama mbele ya mtu fulani huwezi kabisa kusema, kumng’ang’ania ni kupoteza muda wenu wote wawili. Ninaloweza kukuhakikishia ni kwamba hutakuwa mwanamume wa kwanza kulia ndani ya chumba kile.

Limebaki la mama wa marehemu, na nimeliacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu sidhani kwamba linaweza kuamuliwa kabla ya mengine. Zile elfu hamsini zinasema kitu ambacho mdomo wako haujaweza kukisema, naye anajibu asichokijua. Ndiyo maana shukrani yake inakuunguza. Kumwambia kunaweza kukupa wewe pumzi na kumpa yeye msiba wa pili. Kutomwambia kunaweza kumlinda, na kunaweza pia kumnyima haki ya kujua mwanawe alikufa vipi. Kuna akina mama ambao wangetaka kujua, na kuna ambao wangekuambia mapema, “Baba, usinifungulie hilo.” Sijui yeye ni yupi. Huenda hata wewe bado hujui. Kitu kimoja unachoweza kukipeleka kwenye kikao na kukitazama pamoja na mtu mwingine ni iwapo ungemwambia kwa ajili yake au kwa ajili yako, na kama jibu ni kwa ajili ya wote wawili, ni kwa wakati gani na nani awe amekaa karibu naye siku hiyo.

Ukirudi baada ya siku hizi kumi, huhitaji kuanza na neno ulilolifuta. Unaweza kuitoa ile kandambili ya bluu kwenye sanduku la spana, ukaiweka mezani, ukaacha aulize. Ukiona siku hiyo huwezi, ipigie kliniki simu uombe tarehe nyingine badala ya kupotea tu, ili faili lako libaki wazi na wewe ubaki na njia ya kurudi bila kuanza upya. Na vyovyote utakavyofanya, niandikie. Hata mistari miwili kutoka kituo cha mafuta itanitosha.

Wako, Mshauri